Uzamili wa kemia huku Magharibi: usichague tawi kabla hujauliza mashine ipi inawaka

Mwalimu wa Lurambi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa sekondari kaunti ya Kakamega, nafundisha Kemia na Hisabati. Shahada yangu ni ya ualimu wa sayansi. Nataka kuanza uzamili wa kemia na sina mpango wa kuhamia Nairobi, nina familia na nina madarasa. Vyuo ninavyofikiria ni Masinde Muliro hapa karibu, Maseno, na Egerton kule Njoro ikibidi.

Fomu inataka nichague tawi: oganiki, inoganiki, kemia ya kifizikia au uchanganuzi. Mmoja ameniambia uchanganuzi ndio wenye kazi. Mwingine anasema oganiki ndiyo yenye ufadhili. Wa tatu kasema ya kifizikia ni ya wenye vichwa, niachane nayo. Nichague ipi, na nijiandae vipi?

Nyar Kano

Uchanganuzi, mwalimu. Mimi niko maabara ya maji Kisumu na sijawahi kuona tangazo la kazi likitafuta "mwanakemia wa kwanta". Wanatafuta mtu anayejua kuendesha HPLC, ile mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizoyeyuka, na kuandika ripoti ambayo mkaguzi hataikataa.

Elektroni Huru

Nyar Kano naye! Mwalimu, una Hisabati, hiyo ni mtaji. Fanya kemia ya kokotozi, ile inayofanywa ndani ya kompyuta. Programu ya ORCA ni bure kwa wanaosoma na wanaofundisha chuoni, Quantum ESPRESSO ni bure kwa kila mtu. Huhitaji asetilini wala kungoja fundi atoke Nairobi. Laptopu nzuri, intaneti, umeanza.

Mkemia wa Njoro

Mwalimu, hongera kwa uamuzi. Wenzangu hapo juu wamekujibu kwa haki, ila swali lako umeliuliza jinsi fomu inavyotaka liulizwe. Matawi yale manne ni ya idara. Yanasaidia kupanga nani afundishe nini na nani asahihishe mtihani upi. Ukishaingia kwenye utafiti, swali lako lenyewe ndilo litakalokuambia unatakiwa kujua nini, na halitajali fomu ilijazwaje.

Chukua mfano wa huku kwetu. Ukitembea Nakuru na vitongoji vyake utakutana na watu wengi wenye madoa ya kahawia kwenye meno. Sababu yake inajulikana siku nyingi: maji ya visima virefu yana floridi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinakivuka. Sasa lete chupa moja ya maji hayo maabara, useme unataka kujua floridi ni kiasi gani na utaiondoaje.

Kupima kwanza. Tunatumia elektrodi ya floridi. Kwenye ncha yake kuna kipande cha fuwele ya lanthanamu floridi iliyotiwa europiamu kidogo, ugunduzi wa Frant na Ross mwaka 1966. Inasoma milivolti. Floridi ikiongezeka mara kumi, usomaji unashuka kwa milivolti 59 hivi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Huo ni mlinganyo wa Nernst, yaani kemia ya kifizikia, ile ile uliyoshauriwa uachane nayo. Na haumo humo kwa ajili ya mtihani tu: ukikosea milivolti moja, jibu lako limekosea kwa asilimia 4. Ukipima viwango vyako (maji yenye floridi unayoijua kiasi chake) asubuhi kwenye baridi ya Njoro, kisha sampuli ukazipima saa nane mchana jua limeshapasha mabati, mteremko, yaani zile milivolti 59, umebadilika na daftari lako halitakuambia.

Jambo la pili, elektrodi haioni floridi yote. Inaona iliyo huru peke yake. Maji yakiwa na alumini au chuma, metali hizo zinaishika floridi na elektrodi inapita bila kuiona. Kwa hiyo unaongeza bafa yenye CDTA, ambayo inaikamata alumini na kuiachilia floridi. Kwa nini alumini inaing'ang'ania floridi hivyo, na kloridi haiishughulikii? Kwa sababu alumini ni ayoni ndogo yenye chaji kubwa, na hizo hupatana zaidi na ayoni ndogo ambazo elektroni zake hazivutiki kirahisi. Hapo umeingia inoganiki bila kubisha hodi.

Bafa hiyo hiyo inashikilia pH kwenye 5 hadi 5.5. Ikishuka sana, floridi inageuka HF na elektrodi haiioni. Ikipanda sana, hidroksidi inaanza kujifanya floridi mbele ya fuwele. Kumbuka Ziwa Nakuru lina magadi, pH yake inakaribia 10. Mwanafunzi anayechanganya maji ya ziwa na bafa kwa kipimo cha maji ya bomba, asipime pH baada ya kuchanganya, atapata namba yenye desimali mbili nzuri kabisa, na haina maana yoyote.

Kisha kuiondoa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilifanya kazi ya miaka mingi ya vichujio vya mifupa iliyochomwa. Mfupa kwa kemia ni hidroksiapataiti, fosfati ya kalsiamu yenye hidroksidi ndani yake. Ayoni ya floridi inakaribiana kwa ukubwa na hidroksidi, kwa hiyo inaingia mahali pake na kukaa, na kinachobaki ni kigumu kisichoyeyuka kirahisi. Mifupa inachomwa kwenye hewa chache, nyuzi 400 hadi 500 hivi. Moto ukiwa mdogo, mabaki ya mafuta na nyama yanayapa maji harufu ambayo hakuna mama atakayeivumilia jikoni kwake. Moto ukizidi, eneo la uso linapungua na kichujio kinachoka mapema. Ukitaka kuona ndani ya mfupa kumetokea nini, utatafuta mashine ya mionzi ya X ya fuwele. Ukitaka kuiona floridi yenyewe imekaa vipi kwenye kigumu, kuna NMR ya florini-19, mashine ya sumaku inayosoma viini vya atomi, na asili imetupendelea maana florini yote iliyoko duniani ni hiyo 19.

Sasa niambie wewe, chupa ile ya maji ni ya tawi gani?

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: tafuta swali, tafuta msimamizi, tafuta mashine inayowaka. Hivyo vitatu vikikutana mahali pamoja, jaza tawi lolote ambalo msimamizi huyo yumo.

Nyar Kano

Hapo kwa mashine inayowaka fafanua zaidi, maana wengi huumia hapo.

Mkemia wa Njoro

Ukifika idarani usiulize "mna mashine gani?" Utaonyeshwa orodha ndefu, pengine na picha. Uliza ipi imewashwa mwezi huu, nani anaiendesha, na gesi inanunuliwa kwa bajeti ya nani. Kisha muombe fundi wa maabara, si profesa, akuonyeshe karatasi ya mwisho iliyotoka kwenye hiyo mashine. Tarehe iliyo juu ya karatasi itakujibu.

Chukua AAS, mashine ya kupima metali. Kila elementi ina taa yake. Idara inaweza kuwa na AAS nzima ikakosa taa ya kadmiamu, na wewe umeshaandika pendekezo lote la kadmiamu. Halafu asetilini. Ile ya mafundi wa kuchomelea haifai, unahitaji safi ya maabara. Na hata hiyo safi imeyeyushwa ndani ya asetoni kwenye mtungi: shinikizo likishuka sana, asetoni inaanza kutoka pamoja na gesi, mwali unabadilika rangi, usomaji unayumba. Watu wanautumia mtungi mpaka tone la mwisho kwa sababu ni ghali, kisha wanashangaa kwa nini sampuli za alasiri haziwiani na za asubuhi.

GC-MS, inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke na kuzitambua kwa uzito, inataka heliamu na inataka stima isiyokatika. Pampu yake inavuta ombwe saa nyingi kabla mashine haijatulia. Stima ikipotea dakika kumi, siku yako imekwisha. Uliza kama kuna betri ya akiba, na uliza inadumu muda gani.

NMR nayo ni kilio cha watu wa oganiki. Wengi wetu husafirisha sampuli nje ya nchi au huomba nafasi kwa washirika. Sampuli za mimea zina karatasi zake: kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, cha utafiti wenyewe, makubaliano ya kuhamisha sampuli, na KEPHIS kwa afya ya mimea. Anza karatasi hizo siku ile ile unayoanza kukusanya majani. Ukingoja mpaka uwe na kampaundi safi mkononi, itakaa kwenye jokofu miezi ikioza huku wewe ukizunguka maofisini.

Elektroni Huru

Nilisema nini mimi? Kokotozi haina asetilini.

Mkemia wa Njoro

Ni kweli, na siidharau hata kidogo. Tangu Hohenberg na Kohn mwaka 1964, na Kohn na Sham mwaka uliofuata, tunaweza kukadiria nishati ya molekuli kwa kutumia msongamano wa elektroni badala ya kuhangaika na kila elektroni peke yake, na Kohn alipata Nobeli ya kemia mwaka 1998 pamoja na Pople. Kwa mtu wa Kakamega mwenye Hisabati ni njia halali kabisa. Kituo cha kompyuta kubwa cha Cape Town pia kimekuwa kikiwapa watafiti wa Afrika nafasi.

Lakini usimwambie mwalimu kwamba laptopu inatosha. Laptopu inatosha kujifunzia. Na kuna ugonjwa mwingine: mtu anachukua molekuli kutoka kwenye mmea wa dawa, anaibandika kwenye protini ndani ya programu, anapata namba hasi (dalili kwamba vinashikana), anaandika kwamba ametibu malaria. Mtahini mwenye macho atauliza swali moja tu: ukiweka molekuli isiyojulikana kutibu chochote, programu yako inatoa namba gani? Wengi hawajawahi kuijaribu.

Wa Muhoroni

Niko maabara ya kiwanda cha sukari miaka mingi, stashahada tu. Nawasoma hapa, nyote mnaongea kama kemia inaishi chuoni. Vijana wenye uzamili wanakuja hapa hawajui kushika polarimita, kipimo chetu cha sukari cha kila siku. Hiyo shahada ina faida gani kwetu?

Mkemia wa Njoro

Mzee wangu, shikamoo. Kazi unayofanya kila siku ndiyo iliyoanzisha tawi zima. Mwaka 1850 Wilhelmy, Mjerumani, alichukua maji ya sukari, akaweka asidi, akatazama kwa polarimita jinsi mzunguko wa mwanga unavyobadilika dakika kwa dakika. Sukrosi inazungusha mwanga kulia, nyuzi 66.5 kwa kipimo chake maalumu. Ikivunjika kuwa glukosi na fruktosi, mchanganyiko unazungusha kushoto. Akaandika mlinganyo wa kasi ya mmenyuko huo, na huo unahesabiwa kuwa mwanzo wa kinetiki ya kemia.

Na ndiyo sababu miwa ikikaa shambani au kwenye trela siku nyingi baada ya kukatwa, wewe unaiona kwenye polarimita kabla meneja hajaiona kwenye hesabu. Chokaa mnayotia kwenye maji ya miwa kazi yake mojawapo ni kuondoa asidi ili uvunjaji huo upungue wakati wa kuchemsha. Kijana wa uzamili asiyejua polarimita hajafundishwa kemia ya kifizikia, amekaririshwa tu.

Wa Muhoroni

Marahaba. Hilo la Wilhelmy sikulijua. Basi waleteni hao vijana kwa majaribio ya kazi mapema, si mwezi wa mwisho.

Mwalimu wa Lurambi

Asanteni sana. Daktari, na hayo masomo ya mwaka wa kwanza? Mimi wa ualimu, kemia niliyosoma ni nusu ya waliyosoma wenzangu wa sayansi tupu.

Mkemia wa Njoro

Ni kweli, na idara nyingine zitakutaka usome kozi za kujazia kabla ya kukusajili kikamilifu. Usione aibu. Uliza mapema zinachukua muda gani na karo yake ni ngapi, maana hazimo kwenye bei ya tangazo.

Mahali wanafunzi wa ualimu wanapozama ni pale Hisabati inapokutana na picha. Nadharia ya makundi ya ulinganifu, kwa mfano. Maji ni C2v, amonia ni C3v, hilo utalikariri usiku mmoja. Lakini kazi yenyewe ni kuchukua jedwali la herufi (character table) ukasema mtikisiko upi utaonekana kwenye infraredi na upi kwenye Raman, kabla hujagusa mashine. Wewe una Hisabati, matriki huziogopi, hapo utawapita wenzako. Themodinamiki ya takwimu vilevile. Ukishaelewa fungu la mgawanyo (partition function) linahesabu nini, nusu ya kozi imeisha.

Kwenye oganiki mazoezi ni mengi na hayana njia ya mkato: chora mishale ya elektroni mpaka mkono uzoee. Kanuni za Woodward na Hoffmann, za mwaka 1965, zinazosema mmenyuko upi unaruhusiwa, watu huzikariri kama sala. Chora obitali mara chache kwa mikono yako na hutahitaji kukariri. Inoganiki watakuletea michoro ya Tanabe na Sugano, ya nishati za elektroni za metali; isomwe pamoja na spektra ya kweli ya kobalti au nikeli, peke yake inachosha. Uchanganuzi unaonekana rahisi mpaka mtahini anapokuuliza kikomo chako cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa unachoweza kukiona, umekipataje, ukamwambia "mashine ilinipa".

Chai ya Kericho

Naongezea. Watu wanasahau majani chai. Rangi na uchangamfu wa chai nyeusi vinatokana na katekini zisizo na rangi kuoksidishwa na kimeng'enya cha jani lenyewe likishasagwa, zikawa theaflavini na thearubijini. Mtu wa oganiki anaiona pete ya kaboni saba iliyoungana na benzini, wa kifizikia anaona kasi na joto la kuchachusha, wa uchanganuzi anaona kilele kwenye HPLC. Huku Kericho kuna utafiti wa chai wa miongo mingi, na ile chai ya zambarau TRFK 306 yenye anthosianini ilitoka huku huku. Maswali hayajaisha.

Mkemia wa Njoro

Kabisa. Na Nakuru tuna pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu, ambayo ingekuwa yangu kama floridi isingenikamata. Viini vyake ni esta sita: asidi mbili, alkoholi tatu, zidisha. Staudinger na Ruzicka walichapisha kazi yao ya muundo mwaka 1924 kwa vifaa ambavyo leo fundi wetu angevitupa. Kila esta ina kaboni tatu za mkono, kila moja inaweza kukaa kushoto au kulia, kwa hiyo ukihesabu mkono peke yake maumbo manane yanawezekana, ua linatengeneza moja. Mwanga unaziharibu, ndipo Elliott kule Rothamsted, Uingereza, akatengeneza permethrini mwaka 1973 inayovumilia jua. Na ukizipima kwa GC yenye mlango wa moto sana, zinabadilika umbo ndani ya mashine kabla hazijafika kwenye safu, ukaripoti kitu ambacho hakikuwamo kwenye ua. HPLC inakuepushia hilo.

Nyar Kano

Tuje kwetu Ziwa Victoria. Mdogo wangu yuko uzamili, msimamizi amempa "kuondoa risasi kwenye maji kwa mkaa wa gugu maji". Mnaionaje?

Mkemia wa Njoro

Dada, hapa nitasema wazi na wengine watakasirika. Mada hiyo imefanywa na gugu maji, maganda ya ndizi, pumba za mpunga, mabunzi ya mahindi na bagasi. Kila tasnifu inamalizia hivi: data inafuata Langmuir (mlinganyo wa kiasi kinachonaswa) na mpangilio wa pili bandia (mlinganyo wa kasi ya kunasa), R², kipimo cha kutoshea, ni 0.999. Hebu tazama mchoro wa huo mpangilio bandia. Unachora muda gawanya kwa kiasi kilichonaswa, dhidi ya muda. Muda uko pande zote mbili! Na ukiwa na nukta nyingi baada ya maji kutulia, kiasi kilichonaswa hakibadiliki tena, mstari lazima unyooke. Ungeweka mchanga wa ufukwe wa Dunga ungepata mstari ule ule. Hauthibitishi jinsi risasi ilivyonaswa.

Langmuir naye, wa 1918, alidhani vituo vyote vya kunasia vinafanana na jirani hamgusi jirani. Mkaa wa gugu lililovunwa Ghuba ya Winam una silika, potasiamu, fosfati na kila takataka ya ziwa. Kutoshea mlinganyo wake si ushahidi kwamba vituo vinafanana.

Mdogo wako asiikimbie mada kama ameshasajiliwa. Afanye mambo ambayo wengine hawafanyi. Atoshee data kwa mlinganyo wenyewe, usionyooshwa. Apime pH mwisho wa jaribio, maana mkaa wenyewe unapandisha pH na risasi inaweza kuwa imezama tu kama hidroksidi au kabonati huku yeye akidhani imenaswa. Apime pia potasiamu na kalsiamu zinazotoka. Zikitoka kwa uwiano na risasi inayoingia, amepata ubadilishanaji wa ayoni, na hiyo ni habari. Na atumie maji ya ziwa ya kweli, si maji ya distila yenye risasi ya dukani.

Nyar Kano

Nimemtumia uzi huu. Kama angechagua mwenyewe ungempa nini cha ziwani?

Mkemia wa Njoro

Sumu za mwani. Ghuba ya Winam ikigeuka kijani, mara nyingi kuna Microcystis, na sumu yake mikrosistini haiondoki kwa kuchemsha maji, kinyume na watu wanavyoamini. Mwongozo wa WHO kwa mikrosistini-LR ni mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Ni peptidi ya duara yenye asidi amino saba, kwa hiyo oganiki imo. Kuipima kwa kiwango hicho ni uchanganuzi wa kweli. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapo Kisumu, wanajua ziwa.

Ama avuke Mbita kwa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu. Ule mfumo wa kusukuma na kuvuta, desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi pembeni: harufu ya desmodiamu inawafukuza nondo wa funza wa mabua, nyasi inawavuta, na mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazozuia gugu kiduha kushika mahindi. Kemia ya oganiki inayomlisha mkulima moja kwa moja. Wana ufadhili wao wa uzamifu pia, na DAAD ya Wajerumani hutoa nafasi kwa vyuo vya humu humu nchini. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo ina mkopo wa uzamili, watu wanadhani ni wa shahada ya kwanza tu.

Mwalimu wa Lurambi

Nimesoma yote. Daktari, nikiangalia kwetu, swali linalonisumbua ni dhahabu ya Ikolomani. Wazazi wa wanafunzi wangu wanachimba, wanakamua dhahabu kwa zebaki, wengine wanaichoma nyuma ya nyumba. Vijito viko hapo chini na watu wanalima mboga kando. Hilo linafaa?

Mkemia wa Njoro

Linafaa sana. Na ona lilivyokuja lenyewe bila tawi.

Lipunguze. Usipime kila kitu. Anza na matope ya kijito, juu ya machimbo na chini ya machimbo, ili uwe na cha kulinganisha. Ukigusa nywele au mkojo wa watu, utahitaji kibali cha maadili, na kinachukua muda, ngoja uzamifu. Matope hayahitaji hicho, yanahitaji NACOSTI, na adabu kwa chifu na wenye machimbo.

Kupima zebaki jumla hakuhitaji mwali. Unayeyusha matope kwa asidi, unairudisha zebaki kuwa metali kwa stanasi kloridi, inatoka kama mvuke kwenye joto la kawaida, unausoma kwenye nanomita 253.7. AAS nyingi za zamani zinaweza kazi hii zikifungwa kifaa cha mvuke baridi. Uliza Masinde Muliro na Maseno nani anacho na kinafanya kazi, huyo ndiye msimamizi wako. Nunua pia matope ya marejeo yenye kiwango kilichothibitishwa. Bila hayo huwezi kumwambia mtahini umepata asilimia ngapi ya kilichokuwamo.

Ukitaka kuingia ndani zaidi baadaye, swali kubwa ni zebaki ngapi imegeuka methili-zebaki. Bakteria wa matope yasiyo na oksijeni ndio wanaoigeuza, na hiyo ndiyo inayopanda kwenye samaki. Ila hiyo ni kazi ya vifaa vingine, usiiahidi kwenye pendekezo la uzamili.

Nyar Kano

Na chupa, mwalimu! Ukichukua na maji pia, usiweke kwenye chupa za plastiki za soda. Zebaki inashika kwenye kuta na nyingine inapenya plastiki ikapotea. Tumia kioo kilichooshwa kwa asidi, au Teflon ukiipata, na utie asidi hapo hapo kijitoni, si ukifika maabara. Beba pia chupa ya maji safi uliyotia asidi ile ile, ipite safari yote na zingine bila kuingizwa kijitoni. Ikirudi na zebaki, ujue imetoka kwako.

Mwalimu wa Lurambi

Nimeandika. Jumatatu naenda Masinde Muliro kuuliza kifaa cha mvuke baridi, kisha Maseno. Nikikuta hakuna?

Mkemia wa Njoro

Maabara ya Mkemia wa Serikali ina tawi Kisumu. Wakati mwingine idara hukubaliana na maabara za nje, msimamizi akaandika barua na ukalipia kila sampuli. Uliza bei kwanza, kisha ndipo uamue idadi ya sampuli, usifanye kinyume chake. Na hiyo fomu ijaze ukisharudi kutoka Maseno.